Kitalu nyumba ni mwavuli, si blanketi

Masika yakikolea, nyanya huadimika sokoni. Mafungu ya gengeni hupungua, madalali wa Ilala hugombea matenga machache yanayoshushwa, na mkulima ambaye shamba lake limesalimika huuza kwa bei ambayo kiangazi asingethubutu kuitaja. Sababu anaijua kila aliyelima nyanya Lushoto, Iringa au Kirinyaga. Majani yakilala na maji usiku kucha kwenye ubaridi, bakajani chelewa huingia. Ni ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na ukikuta hali inayoufaa huweza kulimaliza shamba zima katika wiki moja au mbili. Mkulima hupiga dawa asubuhi, mvua ya mchana huiosha, naye hurudia kesho yake, mpaka gharama ya dawa inaizidi thamani ya mavuno.

Hapo ndipo hoja ya kitalu nyumba katika nchi zetu inapoanza. Mkulima wa Afrika Mashariki hakosi joto. Anachokosa ni paa juu ya majani. Kwake kitalu nyumba ni mwavuli, lakini tangu teknolojia hii ianze kupigiwa debe kwa wakulima wadogo, zaidi ya muongo mmoja sasa, wengi wameuziwa blanketi. Naamini tofauti hiyo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya fremu za mabomba tunazozikuta vijijini zimesimama bila nailoni, ndani yake pamepandwa mahindi au pameota magugu.

Kule lilikotoka, blanketi lilikuwa na haki yake. Kaisari Tiberius wa Roma, karibu miaka 2,000 iliyopita, aliletewa mboga za jamii ya matango mwaka mzima kwa sababu watunza bustani wake walizipanda kwenye vitanda vyenye magurudumu. Jua likiwaka walivisukuma nje, na siku za baridi wakavirudisha chini ya fremu zilizofunikwa mawe yanayopenyeza mwanga. Wakorea wa karne ya 15 walipasha joto sakafu ya vitalu vyao kwa moto na kuviezeka kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Waholanzi wa leo wana hekta 10,000 hivi za nyumba za vioo, nyingi zikipashwa moto kwa gesi, na gesi ilipopanda bei mwaka 2022 baadhi ya wakulima wao waliziacha nyumba tupu majira ya baridi kuliko kulima kwa hasara. Hesabu yao yote, kuanzia kioo hadi bomba la maji ya moto, ni hesabu ya mtu anayelitafuta joto na akishalipata hataki limponyoke.

Mwaka 1909 mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood alifanya jaribio dogo ambalo ningependa kila fundi wa vitalu nyumba alifahamu. Alitengeneza visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo, cha pili kwa bamba la chumvi ya mawe. Kioo huzuia miali ya joto isitoke. Chumvi ya mawe huipitisha. Kama joto la kitalu lingetokana hasa na kioo kuinasa miali hiyo, kisanduku cha chumvi kingebaki na ubaridi zaidi. Lakini vyote viwili, baada ya kukingwa na miali ya joto inayokuja na jua moja kwa moja, vilipata joto karibu sawa. Wood akahitimisha kwamba kinachopandisha joto ndani ni hewa iliyofungiwa, isiyopata njia ya kupanda na kuondoka. Kwa hiyo anayetaka kupunguza joto ndani ya kitalu hana budi kuanza kwa kuiachia hewa itoke, na hewa ya moto hutokea juu.

Sasa tazama kifurushi alichouziwa mkulima wetu. Kwa kawaida ni banda la meta 8 kwa 15, au 8 kwa 24, lenye mabomba ya chuma, nailoni ya unene wa mikroni 200, tangi la maji na mipira ya matone. Mengi ya mabanda hayo yana paa la chini lililozibwa kabisa, na kuta zenye ukanda mwembamba wa neti unaoanzia magotini na kuishia kiunoni. Hewa baridi huweza kuingia pembeni, lakini ya moto haina mahali pa kutokea. Saa sita mchana, mbingu ikiwa wazi, kila meta ya mraba ya ardhi yetu hupokea kiasi cha wati 1,000 za nguvu ya jua. Banda la meta 8 kwa 24 lina meta za mraba 192. Hata nailoni ikizuia robo ya mwanga huo, ndani hubaki nguvu inayolingana na majiko ya umeme zaidi ya sabini, ya wati 2,000 kila moja, yakiwaka kwa pamoja.

Nyanya haiwezi kustahimili hali hiyo. Joto la mchana likipita nyuzi 32 za sentigredi, chavua huanza kupoteza uhai wake. Maua hufunguka vizuri kwa macho, kisha hunyauka na kudondoka bila kufunga tunda, na mkulima hudhani ni mbegu mbovu au mbolea pungufu. Matunda yaliyokwisha kufunga nayo hupata shida nyingine. Rangi nyekundu ya nyanya haijengeki sawasawa joto likizidi nyuzi 30, kwa hiyo yaliyoiva hubaki na unjano wa mabegani, na mnunuzi huyashusha daraja. Juu ya hayo, ua la nyanya hujichavusha lenyewe lakini linahitaji kutikiswa ili chavua idondoke. Shambani upepo hufanya kazi hiyo bure, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao husaidia. Ndani ya neti hakuna upepo wala nyuki. Ulaya hununua nyuki bambi wa kufugwa na kuwaweka ndani, desturi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapa kwetu inatosha kuzigonga kamba za kupandishia miche asubuhi, umande ukishakauka, kila siku ambayo maua yamo. Wanaofanya hivyo huona tofauti, na gharama yake ni dakika chache.

Kuna njaa nyingine isiyoonekana. Mmea hujenga mwili wake kwa hewa ukaa, ambayo ni sehemu ndogo sana ya hewa, kiasi cha chembe 420 katika kila chembe milioni. Katika banda lililofungwa, lenye mimea iliyoshona na jua kali, kiasi hicho huweza kushuka hadi karibu nusu yake kabla ya adhuhuri. Mholanzi huongeza hewa ukaa kwa bomba mpaka mara mbili ya ile ya nje. Sisi tunahitaji dirisha tu. Mkulima anayelifunga banda lake ili mimea ipate joto anaupunguzia mmea chakula chake saa ile ile ambayo mwanga ni mwingi kuliko wakati wowote wa siku.

Kiyoyozi kikubwa kuliko vyote katika kitalu ni mimea yenyewe, na hili halisemwi vya kutosha. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke kwenye jani hubeba joto linalokaribia theluthi mbili za uniti moja ya umeme. Miche 400 iliyokomaa, kila mmoja ukitumia lita mbili kwa siku ya jua, huondoa joto la uniti zaidi ya 500. Hakuna feni utakayoinunua ikakufanyia kazi hiyo. Lakini mvuke huo lazima utoke nje, la sivyo hewa hulowa, majani hushindwa kupumua maji, na usiku mvuke hugeuka matone na kudondoka kutoka kwenye nailoni. Fikiria pia maana yake kwa miche midogo. Wiki tatu za kwanza baada ya kupandikiza, banda lina jua lile lile lakini halina majani ya kulipooza. Ndio wakati banda huwa la moto kuliko wakati wowote, na ndio wakati ambao wakulima wengi hulifunga zaidi, wakiamini wanailinda miche.

Hata penye joto la bure, wataalamu hawakulitumia kama blanketi. Kando ya Ziwa Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu meta 1,900, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kupasha joto vitalu nyumba vyake kwa maji ya moto ya jotoardhi ya Olkaria, na baadaye likafikisha hekta 50. Usiku wa Naivasha una baridi, ni kweli. Lakini faida iliyotafutwa kwa hamu zaidi ilikuwa kukausha hewa. Unyevu wa usiku ukishushwa chini ya asilimia 85, ukungu wa kijivu unaoozesha vikonyo vya waridi hupungua sana, na gharama ya dawa hupungua nao. Hewa ukaa iliyotoka kwenye kisima cha jotoardhi nayo ikapelekwa kwa mimea. Mashamba ya waridi kandokando ya Usa River, Arusha, hayahitaji joto hilo, ila yana paa kwa sababu ile ile: tone la mvua kwenye petali huacha doa, na ua lenye doa halipandi ndege.

Pwani ni habari nyingine. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hakuna ubaridi wa usiku wa kuulipia mchana, na hewa imekwisha kushiba maji. Baadhi ya miradi imeleta huko mabanda ya kupoozwa kwa feni na kuta za karatasi zilizoloweshwa maji. Kifaa hicho hufanya kazi vizuri mahali pakavu, kwa kuwa hewa kavu hunywa maji na kupoa. Penye unyevu wa asilimia 80 hunywa kidogo mno, na bili ya umeme haipungui kwa ajili hiyo. Ndugu zetu wa Oman wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Kwenye pwani yao ya Batinah wanalima matango kwa wingi katika nyumba za feni na kuta mbichi, na zinawafaa zaidi siku ambazo hewa ni kavu. Lakini maji yao ni ya visima, na kwa kuyavuta kupita kiasi chumvi ya bahari imeingia chini ya mashamba ya ukanda ule. Kwa pwani yetu naona paa lenye kuta wazi, kivuli kidogo, na mazao yanayovumilia joto, kama matango, bamia na mboga za majani. Nyanya ndefu za kupandishwa kamba ziachiwe milima.

Hoja ya kuacha kuta wazi hukutana mara moja na swali la wadudu, na ni swali zito. Mwaka 2014 nondo mdogo kutoka Amerika Kusini, aliyekuwa ameingia Hispania mwaka 2006 na kushuka kupitia Afrika Kaskazini, alifika Kenya na Tanzania. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la Kantangaze, kwa kuwa akishaingia shambani habari husambaa zenyewe. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa isimfikie, na vizazi vyake hufuatana mwezi kwa mwezi. Nzi weupe nao hubeba virusi vinavyoukunja mmea wa nyanya ukadumaa. Neti ya kumzuia nzi mweupe inatakiwa iwe na tundu la karibu robo milimita, na neti ya namna hiyo hukata mwendo wa hewa kwa nusu au zaidi. Kantangaze ni mkubwa kuliko nzi mweupe, kwa hiyo huzuiwa na neti nyepesi zaidi. Haya ndiyo maamuzi halisi ya kihandisi ambayo mkulima anastahili kuelezwa kabla ya kulipa. Ukiweka neti ya matundu madogo, ongeza eneo lake maradufu: kuta zote kuanzia nusu meta juu ya ardhi mpaka chini ya paa, na tundu la paa lenye neti pia. Ujumla wa matundu ya hewa usipungue asilimia 20 ya eneo la sakafu, na kwenye nchi za joto afadhali uzidi. Inua paa lifike meta nne au tano kileleni. Weka milango miwili inayofuatana, wa kwanza ufungwe kabla ya wa pili kufunguliwa. Neti nzuri yenye mlango mmoja ulioachwa wazi saa za kuvuna haimkingi mtu na chochote.

Nimesema habari za juu. Zilizoua vitalu vingi zaidi, kwa ninavyoona, zinatoka chini.

Mnyauko bakteria huishi udongoni. Mmea wenye afya hulala asubuhi moja majani yakiwa bado mabichi, kesho yake hulala wa pili kwenye mstari ule ule, na katika wiki chache banda linakuwa na mapengo. Kuutambua hakuhitaji maabara. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria hao. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya mmea. Huingia na miche iliyonunuliwa, na maji ya mto, na tope la viatu, na kisu cha kuondolea machipukizi ya kwapani kinachopita mche hadi mche bila kusafishwa. Wakishaingia, joto na unyevu tulioutengeneza kwa fedha zetu huwafaa kuliko shamba la wazi.

Mkulima wa shamba la wazi akipatwa na mnyauko huhamia kipande kingine, akaacha pale mahindi kwa misimu kadhaa. Mwenye banda la chuma hawezi kulihamisha. Banda lilijengwa kwa mkopo, mkopo unalipwa kwa nyanya, basi baada ya nyanya hufuata nyanya. Mtaalamu akimshauri abadilishe zao, hupanda pilipili hoho, kwa sababu ndiyo nyingine yenye bei ya kulipa mkopo. Nyanya na hoho ni jamii moja, pamoja na bilinganya, viazi mviringo na ndulele za kando ya barabara, na bakteria hao huishi kwa wote. Minyoo fundo nayo hujikusanya kwenye mizizi msimu hadi msimu. Ukiangalia vizuri, muundo wa mkopo wenyewe ndio unaopanda ugonjwa. Mabwana fedha wanaopanga marejesho ya miaka mitatu kwa zao moja katika udongo ule ule wamepanga pia mwaka wa banda kufa, na hilo linanisikitisha, kwa kuwa deni linabaki kwa mtu ambaye hakushirikishwa hesabu hiyo.

Mashamba makubwa ya maua yaliutatua mgogoro huu kwa kuuacha udongo. Zamani walifukiza kwa gesi ya methili bromaidi, iliyoondolewa kwenye ufukizaji wa udongo duniani kwa Itifaki ya Montreal kwa sababu hula tabaka la ozoni. Wakahamia mvuke wa moto, na wengi wakahamishia waridi kwenye vitanda vilivyoinuliwa, vilivyojaa mawe mepesi ya volkano au unga wa makumbi ya nazi. Unga huo huagizwa kwa sehemu kubwa kutoka India na Sri Lanka, ilhali kutoka Lamu hadi Mafia makumbi huchomwa au kutupwa. Anayetaka kuutumia ajue kwamba makumbi yaliyooza karibu na bahari yana chumvi. Yanaoshwa kwa maji matamu mara kadhaa, kisha yanaloweshwa kwenye myeyusho wa mbolea ya kalisiamu ili sodiamu na potasiamu iliyoshikamana nayo iachie. Asiyefanya hivyo huona matunda yakioza kitako na kulaumu mbegu. Kilimo kisicho na udongo pia hakisamehi kosa la maji. Mzizi uliomo kwenye mfuko wa lita kumi hauna akiba, na pampu ikiharibika asubuhi, jioni kuna hasara. Sikishauri kwa mkulima asiye na umeme wa uhakika au tangi lililoinuliwa.

Kwa mkulima mdogo ipo njia rahisi zaidi, na inashangaza jinsi ilivyochukua muda kusambaa: kubebesha. Wakulima wetu hubebesha maembe na maparachichi kwa ustadi mkubwa. Nyanya nazo hubebeshwa. Kikonyo cha aina inayopendwa sokoni, Anna F1 kwa mfano, huwekwa juu ya shina la chini la nyanya sugu au bilinganya sugu. Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye makao yake Taiwan na ofisi Arusha tangu mwaka 1992, kimefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, na ndicho kilichotoa bilinganya iitwayo EG203, inayostahimili mnyauko pamoja na mizizi kutuama kwenye maji. Huko Taiwan mche uliobebeshwa haukuja peke yake. Ulifuatana na paa jepesi la mvua, lililo wazi pande zote, kwa ajili ya kulima nyanya katika majira ya joto na mvua nyingi. Mwavuli juu, mizizi sugu chini. Ndiyo jozi inayofanana na mahitaji yetu kuliko kifurushi chochote nilichokiona kikitangazwa.

Turudi kwenye ahadi. Mkulima akiambiwa kila mche utatoa kilo 15, na banda la meta 8 kwa 24 linabeba miche 400, ameahidiwa kilo 6,000, yaani kilo 31 kwa meta ya mraba. Almería, kusini mwa Hispania, ambako zaidi ya hekta 30,000 zimefunikwa nailoni hata huonekana kwenye picha za setilaiti kama bahari nyeupe, wakulima wenye uzoefu wa vizazi viwili huvuna kiasi cha kilo 10 hadi 20 kwa meta. Mholanzi hupita 60, lakini kwa joto, hewa ukaa ya bomba, mimea inayosimama karibu mwaka mzima, na kompyuta inayofungua dirisha kila dakika inapohitajika. Mpango wa biashara wa kijana wa Njombe au Meru ungeandikwa kwa kilo 10 kwa meta, na kama hesabu haifungi kwa kilo 10, asikope.

Almería inafaa kuangaliwa kwa sababu nyingine. Watu wale walikuwa maskini, na jengo lao la kwanza lilitokana na vichanja vya kupandishia mizabibu: nguzo za miti na nyaya, juu yake nailoni. Hawakupasha joto. Kiangazi hupaka paa chokaa ili kupunguza jua, na majira ya baridi yakikaribia huiosha. Chokaa hiyo ni nyeupe kiasi kwamba utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikuta eneo lile limepoa kwa nyuzi 0.3 hivi kila muongo, wakati maeneo ya jirani yakizidi kupata joto. Mwishoni mwa 2006 mabaki ya dawa iliyopigwa marufuku yalikutwa kwenye pilipili zao zilizouzwa Ujerumani, soko likatetereka, na ndani ya misimu michache sehemu kubwa ya wakulima wa pilipili wakaacha kutegemea dawa na kuanza kuachilia wadudu marafiki wanaokula wadudu waharibifu. Hapo naona faida ya kweli ya neti: inamfungia ndani mdudu rafiki uliyemlipia. Kwetu kazi hiyo bado ni changa nje ya mashamba ya maua, na ningependa kuiona ikiwafikia wakulima wa nyanya.

Lipo swali ambalo wauzaji hawaulizwi inavyotakiwa. Mkulima anapopata kitalu nyumba hupata kwa mkupuo mmoja mambo sita: paa, neti, umwagiliaji wa matone, mbegu chotara, kamba za kupandishia, na ratiba ya mbolea. Mavuno yakiongezeka, sifa zote huenda kwa jengo. Lakini manne kati ya hayo yanafanya kazi vizuri shambani, juani, bila nailoni hata moja. Mkulima wa kiangazi mwenye matone, mbegu bora na kamba anaweza kuvuna vizuri na kubaki na fedha ya paa mfukoni. Paa hulipa gharama yake masika, wakati jirani hana nyanya. Kwa hiyo kalenda ndiyo biashara yenyewe. Nyanya za kamba huanza kuvunwa siku 75 hivi baada ya kupandikizwa, nayo miche hukaa kitaluni wiki nne au tano. Anayetaka kuvuna katikati ya Aprili anasia mbegu kabla ya mwaka mpya. Mwenye banda anayevuna Septemba, pamoja na mashamba yote ya wazi, anauza mwavuli wake kwa bei ya jua.

Paa hilo si lazima liwe la chuma. Mirunda iliyotibiwa, nailoni yenye kinga ya jua, na neti, vikijengwa na fundi anayeelewa njia ya hewa, hutosha kwa misimu mingi. Nailoni yenyewe hudumu miaka mitatu hadi mitano, na hupungua umri ikipuliziwa salfa mara kwa mara, kwa hiyo fedha ya kuibadilisha iwekwe pembeni kuanzia mavuno ya kwanza.

Serikali ya Tanzania, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, imewahi kufundisha vijana wa halmashauri mbalimbali kilimo cha kitalu nyumba, na nia ile naiheshimu. Ombi langu kwa awamu zinazofuata ni kwamba banda la mafunzo lisijazwe nyanya. Lijazwe miche. Hapo ndipo mazingira yanayodhibitiwa hulipa haraka na kwa watu wengi zaidi. Trei ya matundu 128 inachukua nafasi ndogo. Kwenye meza za meta za mraba 100 zinakaa trei zaidi ya 600, yaani miche zaidi ya 75,000 kwa mkupuo, inayotosha ekari saba hivi za nyanya. Udongo hautumiki, hivyo mnyauko hauna pa kuanzia. Miche hukaa wiki chache tu, deni halisubiri maua. Na kubebesha kunahitaji hasa kile ambacho banda linaweza kutoa: wembe safi, klipu ndogo za kushikilia mkato, na chumba chenye kivuli na unyevu unaopita asilimia 90 ambamo mche uliobebeshwa hupumzika siku tano hadi saba kabla ya kurudishwa taratibu kwenye mwanga. Kata yenye banda moja la namna hiyo, likiendeshwa na vijana watano waliojifunza vizuri, itawapatia wakulima wake wa shamba la wazi mizizi sugu, na wenye mabanda yaliyokwisha kuingiliwa na mnyauko watapata cha kupanda ndani yake.